BILA IDHINI AU BILA RIDHAA?

Niliandika insha juu ya msichana aliyetolewa shule akaozwa. Nikasema, "Aliozwa bila idhini yake." Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya neno idhini. Kusema kweli nilikasirika, mpaka nilipofungua kamusi.

Maneno haya yote yametoka Kiarabu, lakini si pacha. Idhini ni ruhusa, na hutolewa na mwenye mamlaka, kama vile mwalimu mkuu anapokuruhusu kutoka langoni. Ridhaa ni kukubali kwa moyo wako mwenyewe bila kushurutishwa. Ni jamaa ya ridhia na radhi. Basi baba anaweza kutoa idhini, lakini ridhaa ya binti hawezi kumtolea.

Na yule anayekubali shingo upande je? Mdomo umesema ndiyo kwa kuogopa kiboko au kufukuzwa nyumbani. Huyo hajaridhia ng'o! Watu husema kunyamaza ni kukubali. Mimi sikubaliani nao, maana hofu pia hunyamazisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka wanaooana waingie kwa hiari, tena wawe wametimiza miaka 18. Msichana wangu wa insha alikuwa na 15.

Nikasahihisha: "Aliozwa kwa idhini ya baba yake, bila ridhaa yake." Mwalimu akauliza, "Yake nani, baba?" Nikaongeza neno moja: mwenyewe.