JINO JEUPE NALO HUOZA

Watu wengi wa Riruta Satellite, kama watu wa mahali pengine, hulipima jino kwa rangi yake. Jino jeupe husemwa kuwa ni zima, na jino la hudhurungi husemwa kuwa limeoza. Daktari wa meno hapimi hivyo, na yafaa wasomaji wajue sababu.

Tuwafikirie watu wawili wanaongoja zamu zao kwa daktari. Wa kwanza ni kijana aliyelelewa Naivasha, kisha akaja Nairobi kutafuta kazi. Meno yake yana madoa, naye hufunika mdomo kwa mkono achekapo. Amekuja kuomba meno ya mbele yang'olewe. Wa pili ni msichana wa miaka 6, mzaliwa wa Riruta, mwenye meno meupe. Mama yake amemleta kwa sababu gego moja humwuma usiku.

Madoa ya kijana si uozo. Yametokana na floraidi, madini yaliyomo kwa wingi katika maji ya Bonde la Ufa. Mtoto akiyanywa sana wakati meno yake yangali yakijengwa ndani ya ufizi, meno hayo hutoka na madoa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika kila lita, na visima virefu vingi vya Bonde la Ufa, hata baadhi ya vile vya Nairobi, hupita kipimo hicho. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uliona madoa hayo kwa watoto wapatao 41 katika kila 100. Kuyasugua kwa mchanga au majivu ni kazi bure, tena humaliza jino. Ni kweli kwamba madoa yakizidi sana jino humeguka, na uozo hupata mlango. Lakini ya kijana huyu hayakufika huko.

Daktari akimgeukia msichana, swali lake la kwanza si la mswaki. Huuliza, "Mama, mtoto huyu amekwisha kuzibwa jino au kung'olewa?" Maana aliyeoza meno karibuni huelekea kuoza mengine, na dalili hiyo hushinda karibu zote. Kisha huuliza habari ya sukari. Hapo wazazi wengi hukosea, kwani hutaja kiasi, na daktari ataka kujua ni mara ngapi. Vijidudu vya katika ukoga hula sukari na kutoa asidi, nayo hulainisha ganda la jino kwa nusu saa hivi au zaidi, mpaka mate yaishinde. Mtoto anywaye soda pamoja na chakula cha mchana ameyapiga meno yake mara moja. Apewaye peremende asubuhi, kipande cha muwa njiani, chai ya sukari saa kumi na biskuti kitandani, ameyapiga mara nne. Hiyo ya kitandani ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa mtu alalapo mate hupungua.

Huuliza pia maji yatoka wapi, kwenye bomba la jiji au kisimani, maana jirani wawili wa Naivasha Road huweza kunywa maji yasiyofanana. Floraidi ile ile iliyoyatia doa meno ya kijana, ikiwa kidogo, hulikaza ganda la jino.

Katika miaka ya 1990 Profesa Douglas Bratthall wa Malmö, nchini Uswidi, alitunga mchoro wa duara lenye mafungu matano ya rangi. Manne ni chakula, vijidudu, udhaifu wa kinga ya jino, na hali ya mtu mwenyewe. La tano ni la kijani, nalo ni nafasi ya kuepuka matundu mapya. Mengine yakinenepa, hilo hukonda. Mgonjwa huona kwa macho yake ni fungu lipi la kupunguzwa.

Gego la msichana lilitibiwa. Mama akaambiwa amswakishe mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, ateme asimeze, na baada ya mswaki wa usiku asile kitu. Kijana hakuonekana na tundu hata moja, wala si mlaji wa vitamu. Alirudi nyumbani na meno yake yote, akaambiwa aje tena baada ya mwaka. Msichana, baada ya miezi mitatu.