Ghala Limejaa, Mtoto Hakui: Funzo Kutoka Songea

Ndugu wanachama,

Wengi wetu hudhani kuwa mtoto hudhoofu kwa sababu kwao hakuna chakula. Mkoa wa Ruvuma, ambao mji wake mkuu ni Songea, waonyesha kuwa sivyo. Mkoa huo huvuna mahindi mengi kupita haja yake, hata Serikali huyanunua kwa akiba ya Taifa. Lakini uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa katika kila watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano, 44 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kwa nchi nzima walikuwa 34. Uchunguzi wa 2022 ulikuta nafuu, lakini mkoa ulikuwa bado juu ya hesabu ya nchi nzima, ambayo ilikuwa 30.

Sababu yake ni nini? Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi wa sembe, hushiba maji, na mwili hukosa vya kuujenga. Mahindi yakikobolewa, kiini na ganda huondoka, na sehemu kubwa ya mafuta na vitamini huondoka navyo. Tena msimu wa kazi mama huwa shambani kutwa, na mtoto huachiwa nduguye mdogo na kiporo cha ugali.

Dawa yake haihitaji kopo la dukani. Songea kuna maharage, karanga na soya, na dagaa hutoka Ziwa Nyasa. Chukua vikombe vinne vya unga wa dona, utie kikombe kimoja cha unga wa karanga au wa soya. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza, kwani mbichi humzuia mtoto kuyeyusha chakula. Uji uwe mzito. Mboga za majani, yai, dagaa waliosagwa na tunda vifuate kwa zamu. Haya huanza mtoto atimizapo miezi sita. Kabla ya hapo maziwa ya mama yatosha, nayo yaendelee hata miaka miwili.

Karanga zenye ukungu zitupwe, maana zina sumukuvu. Sisi wa karafuu twajua hasara ya zao lisilokauka vema. Hapa hasara ni ini la mtoto.

Na mtoto akivimba miguu, au akikonda sana, uji si tiba yake. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Ndugu zangu, tusiwacheke wenye mahindi. Sisi nasi tuna ghala letu. Msimu wa karafuu mama huchuma mchana na kuchambua usiku, fedha huingia, na mtoto hunywa chai na mkate. Fedha hiyo imalizikapo, bati jipya twaliona juu ya paa; mwili wa mtoto hatuuoni. Na kimo kilichopotea katika miaka miwili ya mwanzo ni shida kukirudisha.

Basi kila mwanachama, kabla ya kuingia shambani msimu ujao, atenge njugu, kunde na dagaa wa mtoto, na aweke mtu mzima wa kumlisha mara tatu au nne kwa siku. Mkarafuu hungoja miaka mingi kuzaa, mtoto hangoji.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama