Diski ya almasi na bei ya kioo kinene Mwanga

Kioo cha unene wa milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Bamba zima la mita 3.3 kwa 2.14 linazidi kilo 210, na likitoka Dar es Salaam hadi Mwanga, mjini Kigoma, linasafiri zaidi ya kilomita 1,200. Kiwanda cha Sapphire kule Mkuranga, kilichozinduliwa Septemba 2023, kimeleta uzalishaji wa vioo vya bapa ndani ya nchi, lakini safari ya kwenda Kigoma haikufupika. Fundi wa alumini na vioo akikosea mkato mmoja, kioo kinakwenda pamoja na nauli yake. Diski ya kukatia ya bei rahisi ipimwe kwa hasara hiyo.

Mstari ulionyooka hauhitaji msumeno wa diski. Hata kioo cha milimita 10 hukwaruzwa kwa kikata kioo, kisha kikavunjwa kufuata mkwaruzo. Msumeno una kazi yake kwenye kona ya ndani: nafasi ya bawaba ya mlango, au pengo la kupitishia bomba. Pale kwenye kona litobolewe kwanza tundu la mviringo, maana kona kali ndiyo inayozaa ufa.

Kioo cha usalama, kile kinachosambaratika kuwa punje ndogo, hakikatwi kabisa. Vipimo na matundu yake yote hukamilishwa kabla hakijapitishwa kwenye tanuri, hivyo oda inayotoka Kigoma lazima ipimwe mara mbili.

Diski yenyewe haina meno. Ukingo wake una punje za almasi zilizoshikwa ndani ya metali, nazo husaga kioo kidogo kidogo. Almasi hizo kwa kawaida si za kuchimbwa kama za mgodi wa Mwadui. Ni za viwandani, ambazo General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuzitengeneza mwaka 1954. Diski ya zege, yenye mapengo ukingoni, humegua kioo. Inayofaa ina ukingo mzima usiokatika na punje laini.

Maji ndiyo matunzo ya kwanza. Kioo cha kawaida huweza kupasuka sehemu zake zikipishana joto kwa nyuzi 40 hivi, na diski kavu hufika huko upesi. Lakini kumwagia maji grenda ya kawaida ya umeme ni kuchezea uhai wa fundi. Mashine ya mezani ya kukatia vigae, yenye beseni lake la maji, ni salama zaidi, ilmradi tope la kioo limwagwe na maji yabadilishwe.

Diski ikianza kukata polepole, wengi hukandamiza. Hapo ndipo kioo huvunjika. Mara nyingi almasi haijaisha: punje za juu zimekuwa butu na metali imezifunika zile za chini. Kupitisha diski mara chache kwenye jiwe la kunolea, maji yakitiririka, huzifunua punje mpya. Mshale wa mzunguko ufuatwe, na diski inayoyumba iondolewe, kwa kuwa inapanua mkato na kumegua kingo.

Karakana inayoandika daftarini mita zilizokatwa na kila diski inaweza kumtajia mteja gharama ya mkato peke yake, mbali na bei ya kioo.