Moshi wa Dizeli: Yanayowahusu Wakazi wa Kando ya Barabara Kileleshwa

Kwa familia zinazoishi katika nyumba za umma karibu na barabara zenye magari mengi, kama Ring Road Kileleshwa, msongamano wa asubuhi hauishii barabarani. Moshi wake huingia sebuleni na vyumba vya kulala.

Mabasi na malori yanayobeba mchanga na kokoto kwenda kwenye majengo mapya mengi hutumia dizeli. Moshi huo una chembechembe nyembamba sana kuliko unywele, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huchochea pumu na kuongeza hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Watoto, wazee na wajawazito huathirika zaidi.

Tangu Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walipunguza kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hata hivyo, mafuta safi hayatengenezi injini iliyochakaa.

Umbali nao una uzito. Moshi huwa mwingi zaidi kando ya barabara na hupungua sana mtu anaposogea mita 150 hadi 300. Asubuhi yenye baridi na isiyo na upepo, moshi hubaki chini.

Kwa hivyo, wakazi wanashauriwa:

• Kufunga madirisha yanayotazama barabara wakati wa msongamano, na kufungua ya upande wa pili.
• Kuwapitisha watoto kwenye njia za ndani waendapo shule.
• Kuzima injini gari linaposimama kwa muda mrefu.
• Kumwona daktari mapema kikohozi au kubanwa kifua kusipoisha.

Katiba, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Nairobi ina Sheria ya Ubora wa Hewa. Mkazi akiona gari linalotoa moshi mweusi kila mara, aandike nambari ya usajili, mahali na saa, kisha aripoti kwa msimamizi wa wadi. Anayeishi kando ya barabara hawezi kuhamisha nyumba, lakini moshi unaweza kupunguzwa pale unapotoka.