Maswali Tisa kwa Kijana Mwenye Moyo Mzito

Ndugu wanavikundi wa Garsen, Ngao, Wema, Tarasaa na kwengineko, tumezoea kuandikiana habari za mbegu, mbuzi na mikopo. Leo tuzungumze juu ya vijana wetu.

Kijana wa namna hii mnamfahamu. Zamani alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Sasa usiku halali, darasani anatazama dirisha tu, na ukimuuliza anafoka. Mmoja atasema ni mvivu, mwengine atasema amerogwa. Pengine ni balehe tu na itapita. Lakini hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, ikamharibia masomo na kazi, huenda ni ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi unaitwa sonona. Ni ugonjwa unaotibika.

Hapa Tana River sababu hazikosekani. Mapigano ya 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya mia moja, na mtoto aliyezaliwa wakati ule leo ni kijana aliyelelewa na watu waliozika ndugu zao. Yakaja mafuriko ya 2018, tena yale ya mwisho wa 2023 na mwaka 2024, familia zikalala kwenye mahema. Na si sisi peke yetu. Utafiti wa taifa uliotolewa 2022 juu ya vijana wa miaka 10 hadi 17 uliona kwamba karibu mmoja katika kila wanane ana ugonjwa wa akili.

Je, simu inaingia wapi?

Kuna maswali tisa yanayoitwa PHQ-9, yaliyotungwa Marekani miaka ya 1990. Yanauliza juu ya wiki mbili zilizopita: huzuni, kukosa hamu ya mambo, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutulia kimawazo, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kufa. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 (hata siku moja) mpaka 3 (karibu kila siku). Jumla ya juu ni 27, na mara nyingi kuanzia 10 mhudumu hutakiwa kuchunguza zaidi. Maswali haya yamejaribiwa Kenya kwa Kiswahili, hata kwa vijana wa Nairobi. Simu inauliza, inajumlisha, inatunza. Basi. Hata karatasi na kalamu vitafanya hesabu hiyo chaji ikiisha. Faida kubwa ya simu ni kwamba kijana aweza kubonyeza mwenyewe jambo asilothubutu kulitamka mbele ya mtu.

Sasa sikilizeni vizuri: namba si ugonjwa. Mtoto mwenye malaria amechoka, halali, hataki chakula. Hayo ni maswali matatu kati ya tisa! Aliyeshinda njaa wakati wa ukame naye vilevile. Kwa hiyo baada ya namba lazima muuguzi au ofisa wa kliniki akae na kijana, ampime na amsikilize.

Lugha nayo ina mitego. Kwetu mtu husema "ana mawazo" au "moyo mzito", wala hasemi sonona. Nyumba nyingine wanazungumza Kipokomo au Kiorma tu. Mkalimani akihitajika, asiwe mama mzazi wala jirani, maana kijana atajibu ya kumridhisha yule. Pia msikubali maswali haya yaulizwe kwenye benchi la foleni, watu wote wametega masikio.

Swali la tisa ndilo linaloogopesha. Wazazi hudhani kuuliza juu ya kujiua ni kumfundisha mtoto. Sivyo, kumuuliza kwa upole hakumtii wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Wengine waliogopa polisi, kwa kuwa sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kijana akikubali swali hilo, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa za kunyunyizia shamba ziondolewe nyumbani, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Matibabu yenyewe kwa kijana huanza na mazungumzo ya mara kwa mara na mtu aliyefunzwa. Vidonge vya sonona si vya kununua dukani, na Shirika la Afya Duniani linakataza mtoto wa chini ya miaka 12 kupewa. Shirika hilo lina mwongozo, mhGAP, ambao tangu 2017 unapatikana pia kwenye simu. Kaunti ya Makueni wauguzi na maofisa wa kliniki wa kawaida walifunzwa kwa mwongozo huo, bila kungoja daktari bingwa.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa simu za kazi. Kabla vijana wenu hawajaulizwa lolote, kikundi kimwite mhudumu na muuguzi wa zahanati. Waulizeni: namba ikiwa kubwa, nani atakaa na mtoto, na siku gani? Majibu yanahifadhiwa wapi, na nani anayaona? Sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu inataka idhini ya mzazi kwa mtoto. Wasipokuwa na jibu la swali la kwanza, waambieni wangoje kwanza, maana kumfungua mtoto kidonda kisha kumwacha ni vibaya kuliko kutomuuliza.

Wakiwa na jibu, tengeni kidogo kwenye sanduku la kikundi: nauli ya kwenda Ngao au Hola, ya kijana na ya mtu wa kumsindikiza, na ya kurudi tena baada ya wiki mbili.