Nanga Iliyopanda Juu

Nanga ya chombo hushushwa. Huzama, ikashika mwamba au tope, na chombo kikatulia ingawa mawimbi hayajatulia. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aliigeuza picha hiyo katika sura ya 6. Nanga yake imepanda, imepita pazia, imeshika Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia, tena mara moja tu kwa mwaka. Nanga hiyo ni tumaini, na imeshika huko kwa sababu Yesu amekwisha kutangulia.

Waliopelekewa waraka huo walikuwa watu waliochoka. Mali zao zilikuwa zimeporwa, wenzao wamefungwa, ingawa damu yao ilikuwa haijamwagika. Baadhi yao walikuwa wameacha kukutana na wenzao. Mwandishi haoni kwamba wako karibu kuikana imani kwa sauti kuu. Anachokihofia ni kimya zaidi: katika sura ya 2 anatumia kitenzi cha Kigiriki kinachosema juu ya kitu kinachochukuliwa na maji. Chombo ambacho hakikufungwa vizuri huondoka usiku, polepole, na aliyelala ndani yake hashtuki. Katika miaka yangu ya kufundisha Maandiko nimeona hivyo mara nyingi. Wachache huondoka kanisani wamekasirika. Wengi huchukuliwa na mkondo.

Neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu hulitafsiri saburi au uvumilivu ni hupomone. Limeundwa kwa hupo, yaani chini ya, na kitenzi meno, yaani kukaa, kubaki. Mwenye hupomone amebaki mahali pake huku mzigo ukiwa juu yake. Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Neno hili limetumiwa kumwambia mwanamke anayepigwa na mumewe arudi nyumbani akavumilie, na mfanyakazi anayedhulumiwa anyamaze. Huko ni kulinajisi neno takatifu. Waebrania wanahimizwa wabaki na Kristo, hawahimizwi wabaki chini ya fimbo. Paulo mwenyewe alipokuwa karibu kupigwa mijeledi kule Yerusalemu alidai haki yake ya uraia wa Kirumi.

Ukitaka kuiona hupomone ikitembea, soma Matendo sura ya 27. Ni usiku wa 14 wa dhoruba, watu 276 wamo chomboni, Paulo akiwa miongoni mwao. Mabaharia wanapima kina: pima 20, kisha 15. Wakiogopa miamba, wanatupa nanga nne za tezi na kuomba kupambazuke. Kisha mabaharia wale wale, watu wanaoijua bahari kuliko wote, wanashusha mashua ya kutorokea wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo. Paulo anamwonya akida kwamba hao wasipobaki chomboni, hakuna atakayeokoka. Kitenzi chake cha kubaki ni meno, kile kile kilichomo ndani ya hupomone. Askari wanakata kamba, mashua inakwenda na maji. Asubuhi nanga zote nne zinaachwa baharini, chombo kinavunjika, na watu wanafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Hakupotea hata mmoja.

Nanga za chombo kile ziliwashikilia usiku mmoja. Uzima wa milele ndio pwani ambayo nanga ya Waebrania imekwisha kuifikia, na kwa Yohana uzima huo huanza mtu anapomjua Mungu, kabla hajafa. Kwa hiyo anayedumu katika imani hasubiri mikono mitupu. Kamba imekwisha kukazwa upande wa pili. Kazi yake ni kubaki chomboni, pamoja na wenzake, kwa kuwa onyo la waraka huo dhidi ya kuacha kukusanyika limekaa bega kwa bega na wito wa kulishika tumaini.

Wakristo wa Roma walilielewa hilo. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, kando ya barabara ya Salaria, yako mawe ya karne za kwanza, kabla imani yao haijahalalishwa mwaka 313. Katika mengine mna jina tu la marehemu na mchoro wa nanga. Waliozika walipanda ngazi, wakarudi mjini.