Stempu ya Ujiji, na Chakula Kilicholiwa Barazani

Siku ya soko hapa Mabamba nilikuwa nimeketi katika kibanda cha mama mmoja apikaye ugali na maharage kwa wasafiri waendao na watokao Burundi. Nilikuwa na bahasha ya zamani yenye stempu, nayo akaitwaa kuitazama. Akauliza, “Mwalimu, hawa wawili ni nani, na wanafanya nini?” Nikamjibu kwamba ni Stanley na Livingstone, nao wanaamkiana Ujiji. “Na baada ya kuamkiana?” Nikasema, waliketi barazani wakala. Akacheka, “Basi hii ni stempu ya hoteli!” Nami nikacheka, lakini njiani nikirudi nyumbani niliona kwamba neno lake halikuwa la mzaha mtupu, tena lastahili kuelezwa.

Kwanza stempu yenyewe. Zamani huko Uingereza aliyepokea barua ndiye aliyelipa mara nyingi, na maskini wengi waliikataa barua mlangoni kwa kukosa fedha. Rowland Hill akashauri kwamba alipe mwenye kupeleka, na alama ya malipo ibandikwe juu ya barua. Ndipo stempu ya kwanza ilipotumika Mei 1840. Basi stempu ni hati ya kusema, “Huyu mjumbe amekwisha kulipiwa, msimzuie.” Stempu za kila siku huchapwa tena na tena miaka mingi. Stempu ya ukumbusho ni nyingine: hutolewa kwa ajili ya jambo moja, huuzwa kwa muda, kisha haichapwi tena. Na picha yake si lazima iwe sahihi. Wakusanyaji wa stempu wanaijua sana ile ya mwaka 1935 ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye jahazi la Ziwa Viktoria, ambayo mchoraji aliacha kamba bila kufika kwenye tanga, hata ikabidi bamba lirekebishwe. Mvuvi ye yote wa Kigoma angaliona kosa hilo mara moja.

Stempu aliyoishika yule mama ilitolewa mwaka 1971, thamani yake shilingi 5, kwa kuadhimisha miaka mia tangu makutano ya Ujiji. Ina majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa wakati ule posta yetu ilikuwa moja. Stanley katika kitabu chake aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Lakini wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa homa na safari, na daftari la Livingstone laelekea siku za mwisho wa Oktoba. Wenye elimu hawajapatana hata leo.

Sasa na tutazame baraza lile. Livingstone alifika Ujiji kutoka Manyema siku chache kabla, amekonda, akitumaini kukuta bidhaa zake. Akakuta mtu aliyekabidhiwa, jina lake Sherifu, amekwisha kuziuza zote. Katika nchi ile kitambaa na shanga ndizo zilizokuwa fedha, kwa hiyo mzee alikuwa maskini kabisa. Mwarabu mmoja, Sayyid bin Majid, akaja kumwambia kwamba yeye hana bidhaa, ila ana pembe. Na aziuze ampe mgeni thamani yake. Livingstone akashukuru, akasema, bado kidogo. Hayo aliyaandika mwenyewe.

Ndipo Stanley akafika, Susi akimkimbilia njiani kumlaki. Wakaketi barazani, mahali palipoinuliwa penye mkeka na ngozi ya mbuzi. Na chakula kikaja, wala hakikununuliwa. Sayyid bin Majid alileta namna ya kababu, yaani nyama iliyopondwa na kufinyangwa. Muhammad bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Vyombo vilifuatana kimoja baada ya kimoja, na Livingstone, ambaye kwa siku nyingi hakuweza kula ila kidogo, alikula kama mtu mwenye afya.

Jikoni alikuwako Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley amesimulia jinsi mama huyo alivyokuwa akichungulia nje kuhakikisha kwamba Wazungu ni wawili kweli. Alikuwa amehuzunika siku nyingi, akidhani bwana wake haupendi upishi wake, kwa kuwa sahani zilirudi zimejaa. Sasa zilirudi tupu, naye akashangilia, akawahadithia wanawake waliokusanyika habari za wageni. Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya makutano yale, na kila nifikapo kwa Halima nasimama. Mwenye kupika ajua uchungu wa sahani inayorudi imejaa. Stempu haikumtaja.

Hapa sharti nitie neno juu ya sisi Waha, kwa maana Stanley alipita nchini mwetu siku chache kabla ya kufika Ujiji, naye ametuandika vibaya. Alitozwa hongo na mkuu mmoja, kisha na mwingine, hata akaondoka usiku kwa siri akapita maporini ili asitozwe tena. Msomaji wa leo akisikia “hongo” hufikiri rushwa, kwa kuwa ndiyo maana ya neno hilo sasa. Lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, haki ya mwenye nchi kwa yule apitaye na watu wengi wenye bunduki. Neno limeharibika, na jina letu limeharibika pamoja nalo. Sisemi kwamba wakuu wale hawakuzidisha; yaelekea walizidisha. Ila mtu mmoja apitaye peke yake hakutozwa hongo, alilishwa. Wazee wetu humkaribisha mgeni kwa pombe ya ndizi, mwenyeji akitangulia kunywa ili mgeni asiwe na shaka, ndipo waulize habari za njia. Kuuza chakula kwa mtu aliye safarini kulikuwa aibu.

Ndiyo sababu lugha yetu haikuwa na neno la asili la nyumba ya kuuzia chakula, ikabidi iazime. “Mkahawa”, au “mgahawa”, limejengwa juu ya kahawa, neno lililotoka kwa Waarabu. “Hoteli” limetoka kwa Wazungu, nasi tumeligeuza: kwao ni nyumba ya kulala, kwetu ni nyumba ya kula, na ya kulala twaiita nyumba ya wageni. Jina zuri kupita yote wamelitunga wateja wenyewe: “mama ntilie”, yaani mama, nitilie chakula. Wengine husema “mama lishe”, na hilo ni la adabu zaidi, lakini lile la kwanza lina sauti ya mtu mwenye njaa aliyeshika sahani.

Kwa hiyo nilimrudia yule mama juma lililofuata, nikamwambia kwamba amesema kweli nusu. Baraza la Ujiji halikuwa hoteli, maana hakuna aliyelipa. Akauliza kama nyumba ile ipo. Nikamwambia haipo, mwembe wa ukumbusho nao umekufa, na iliyopo imetokana na ule wa kwanza, pamoja na jiwe lenye maandiko. Akauliza kama jina la mpishi limeandikwa popote. Nikasema, katika kitabu cha Stanley.

Liko jambo moja zaidi, ambalo mpenda stempu hawezi kuliacha. Stanley alikuja na mfuko wa barua za Livingstone uliofungwa Unguja tangu 1 Novemba 1870; ulikuwa umekaa njiani karibu mwaka mzima. Livingstone aliuweka magotini, akasoma barua mbili tatu za watoto wake, akaomba kwanza habari za dunia. Tarehe 14 Machi 1872 walipoagana karibu na Tabora, Stanley alichukua barua za mzee na daftari lake kuzipeleka pwani. Bara hapakuwa na posta, na hata Unguja posta ya Uhindi haikufunguliwa kwa kudumu ila mwaka 1875. Barua zile zilikwenda vichwani mwa wapagazi hata Bagamoyo.